Fomu Imerudi Tena: Kutatua Matatizo ya Maombi ya Eksirei, Ultrasaundi na Siti Skani

Kama unafanya kazi hospitali yoyote ya Mtwara au Lindi, hili unalijua. Umemwandikia mgonjwa kipimo asubuhi. Saa nane mchana anarudi mlangoni kwako na fomu ileile, picha hana, na juu yake mtu kaandika kwa kalamu nyekundu: "Taarifa za kliniki?" Au picha imepigwa na ripoti imekuja, lakini ukiisoma mara mbili bado hujui umfanyie nini mgonjwa.

Naandika kutoka upande wa pili wa dirisha, chumba cha mionzi. Walengwa wangu ni tabibu wa kituo cha afya, daktari wa zamu na sista anayetumwa "kaombe picha". Nimepanga kwa dalili: unachokiona, kinachosababisha, cha kufanya. Fomu zetu hujazwa kwa Kiingereza, lakini mifano nimeiweka kwa Kiswahili ili isomeke. Utakuta kwamba karibu matatizo yote haya mzizi wake ni mmoja: fomu imetaja kipimo, swali haikuuliza.

DALILI: FOMU INARUDI, PICHA HAIJAPIGWA

Anza na sababu za kikarani, maana hizo zinamalizwa kwa dakika moja. Jina la kwenye fomu halifanani na la kwenye faili. Umri haupo, au pameandikwa "mtu mzima". Aliyeomba kaacha saini isiyosomeka na namba ya simu hakuweka. Huku kwetu akina Hamisi, Saidi, Fatuma na Zainabu wamejaa kila wodi, kwa hiyo jina bila namba ya faili si utambulisho.

Kisha upande. "Mguu" ni upi? Radiografa (mpiga picha) atamuuliza mgonjwa, sawa, lakini mtoto wa miaka 2 hajibu, na aliyeletwa na bodaboda iliyogonga punda hajitambui. Andika KULIA au KUSHOTO kwa neno zima, si herufi moja iliyoandikwa kwa haraka. Andika baada ya kumgusa mgonjwa, si baada ya kumsikiliza ndugu yake.

Sababu kubwa ni kisanduku cha taarifa chenye neno moja: "Maumivu." "Ajali." "Uchunguzi." Kwenye mfumo wa kompyuta ni vibaya zaidi, kwa sababu mfumo haukubali kisanduku kitupu, basi mtu anaweka nukta na kuendelea. Nimeshaziona fomu zenye nukta tu, nyingi, na kila moja ilikuwa na mtu mzima nyuma yake aliyelipa nauli.

Radiografa anayerudisha fomu ya namna hiyo hajidai. Msingi wa kwanza wa kinga ya mionzi duniani kote ni kwamba kila picha iwe na sababu inayozidi madhara yake, na hapa nchini matumizi ya mionzi yako chini ya Sheria ya Nguvu za Atomu Na. 7 ya 2003, msimamizi akiwa Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania. Nukta haiwezi kuwa sababu. Eksirei moja ya kifua ni mionzi kidogo sana, takriban milisiveti 0.02 (milisiveti ni kipimo cha mionzi mwilini), wakati mionzi ya asili tunayoipata sote kwa mwaka, kwa wastani wa dunia, ni kama 2.4. Ila siti skani ya tumbo hufika 8 hadi 10, yaani mara 400 hadi 500 ya picha ya kifua. Huwezi kuiagiza kama unavyoagiza chai.

Cha kufanya: kabla ya kuandika jina la kipimo, andika sentensi inayoishia na alama ya kuuliza. "Je, mfupa umevunjika?" "Je, kuna maji kwenye pafu la kulia?" Ukishindwa kuiandika sentensi hiyo, huenda mgonjwa hahitaji picha, anahitaji kupimwa upya kwa mikono yako. Baada ya swali, taja dalili na muda wake, ulichokikuta ulipomshika, na jambo la nyuma linalohusika: upasuaji, TB, saratani, selimundu (sikoseli), ajali. Mistari minne inatosha.

DALILI: RIPOTI INASEMA "LINGANISHA NA HALI YA MGONJWA"

Hili ndilo lalamiko ninalolisikia zaidi kutoka wodini. "Hawa watu wa radiolojia hawasemi kitu!" Tuangalie kwa nini hawasemi.

Anayesoma picha mara nyingi hakumwona mgonjwa na hatamwona. Mabingwa wa radiolojia ni wachache, na picha nyingi hutumwa kwa mtandao zikasomwe mbali. Mgonjwa yuko Nachingwea, msomaji yuko mji mwingine kabisa. Alichonacho ni kivuli na fomu yako. Kivuli kimoja kinaweza kuwa na maana tatu, na kinachochagua kati ya hizo tatu ni maneno uliyoandika. Usipoandika, atakutajia zote tatu kisha akurudishie mzigo kwa lugha ya adabu.

Chukua kifua. Fomu ya kwanza inasema: "Kikohozi. Eksirei ya kifua." Picha inaonyesha mistari na makovu sehemu ya juu ya pafu la kulia. Ripoti itasema: inaweza kuwa TB, mpya au ya zamani, linganisha na hali ya mgonjwa. Fomu ya pili, mgonjwa yuleyule:

"Mwanamume, miaka 47, mkulima wa korosho. Kikohozi wiki 6, homa za jioni, nguo zinampwaya. Alitibiwa TB 2016, akamaliza dozi. Makohozi yamepelekwa maabara, majibu bado. Ana picha ya 2016, ameibeba. Je, ni makovu ya zamani au ugonjwa umerudi?"

Hapo msomaji anaichukua picha ya zamani, anailinganisha na mpya, na anakujibu: kovu halijabadilika, lakini pembeni yake pana tundu ambalo halikuwepo. Mashine ni ileile na msomaji ni yuleyule. Kilichobadilika ni fomu.

Kazi ya mgonjwa nayo ni taarifa ya kliniki, ingawa wengi wanaiona ni ya kujazia tu. Mchimbaji mdogo wa Ruangwa aliyekula vumbi la mawe miaka mingi anaweza kuwa na mapafu yanayofanana na ya TB kwenye picha, na anaweza kuwa na vyote viwili. Anayepuliza salfa kwenye mikorosho na kubanwa kifua msimu huo huo ni habari tofauti na mvutaji sigara wa miaka 30. Neno moja tu, "mchimbaji", linaokoa wiki nzima ya kubahatisha.

Mfano wa pili ni wa kwetu hasa. Mwanamke wa miaka 35, anakojoa damu. Fomu: "Ultrasaundi ya tumbo, maumivu." Kinachoonekana: ukuta wa kibofu umekuwa mnene upande mmoja, na figo ya kushoto imetanuka kidogo. Msomaji aliyezoea wagonjwa wa mijini ataandika uvimbe wa kibofu, pengine saratani. Anaweza kuwa sahihi. Lakini kichocho cha mkojo kipo ukanda huu wa kusini, na huleta picha hiyohiyo: ukuta mnene, mirija iliyoziba, figo iliyotanuka, na ukipiga eksirei wakati mwingine unaona chokaa kwenye ukuta wa kibofu. Kibaya zaidi, kichocho cha muda mrefu chenyewe ni njia ya kuelekea saratani ya kibofu. Kwa hiyo andika: anakojoa damu tangu lini, amekulia wapi, analima mpunga bondeni au anaoga bwawani, aliwahi kumeza dawa za kichocho, mkojo umeonyesha mayai au la. Ukiandika hivyo, ripoti itakuambia kama uanze na dawa kisha upime tena, au umpeleke kwa bingwa wa mkojo akatazamwe kibofu kwa ndani.

Vivyo hivyo kwa mabusha. Mwanamume mwenye korodani iliyovimba miaka 10 na mwenye uvimbe wa siku 3 unaouma hawaingii kwenye foleni moja, ijapokuwa fomu zote mbili husema "uvimbe wa korodani". Wa pili, akiwa kijana na maumivu yalimshtua ghafla usiku, korodani inaweza kuwa imejisokota, na saa zinahesabika: baada ya kama saa 6 uwezekano wa kuiokoa unaanza kuporomoka. Huyo usimpeleke kwenye foleni ya ultrasaundi kabisa kabla hujampigia daktari wa upasuaji.

Kuna kikwazo kingine ambacho hakuna anayekitaja: lugha. Bibi wa Newala anaeleza ugonjwa wake kwa Kimakonde, mjukuu anatafsiri nusu, tabibu aliyehamia kutoka mkoa mwingine anaandika robo. Fomu inasema "maumivu ya tumbo, kwa muda". Anapofika kwangu namsalimu, namsaidia kupanda kitandani.

"Shikamoo bibi. Hasa unaumwa wapi?"

"Marahaba mwanangu. Hapa." Anaweka vidole viwili chini ya mbavu za kulia. "Nikila cha mafuta, ndiyo kinanichokoza. Kinapanda mpaka begani."

Hiyo ni nyongo, imesimuliwa vizuri kuliko kitabu, na haikuwemo kwenye fomu. Ukiwa huelewi lugha ya mgonjwa, mwambie aonyeshe kwa kidole, kisha andika mahali kidole kilipotua. Hilo halihitaji mkalimani.

Na hali ya VVU? Msomaji anaihitaji, kwa sababu TB kwa mtu mwenye kinga iliyoshuka haifanani na TB ya kawaida. Picha inaweza hata kuonekana safi. Lakini fomu hubebwa mkononi na ndugu, hupita dirisha la malipo, hukaa mezani. Usiandike wazi. Tumia namba za uainishaji wa magonjwa ambazo wenzako wanazielewa, au piga simu. Kuficha kabisa kunamuumiza mgonjwa, na kutangaza kunamuumiza vilevile.

DALILI: RIPOTI INASEMA "KAWAIDA", MGONJWA ANALIA

Hapa kosa la kawaida ni muda. Picha huonyesha mwili ulivyo saa ile ilipopigwa, na magonjwa kadhaa hayaonekani mapema. Usipoandika tatizo limeanza lini, msomaji hawezi kukuonya.

Uambukizi ndani ya mfupa ni mfano mzuri. Mtoto mwenye selimundu, homa, paja linauma siku 4. Eksirei itatoka safi, kwa kuwa mabadiliko kwenye mfupa huchukua kama siku 10 hadi 14 kuonekana. Ukiandika "maumivu ya paja" utapata jibu "kawaida" na utamrudisha nyumbani. Ukiandika selimundu, homa na siku 4, atakuambia: picha hii haiondoi uambukizi, fanya ultrasaundi kutafuta usaha, rudia eksirei baada ya wiki mbili. Matibabu hayasubiri picha hiyo ya pili.

Mkono nao. Kijana ameanguka na bodaboda akajizuia kwa kiganja. Anaumia kwenye kile kijishimo kilicho chini ya kidole gumba, upande wa kifundo. Huenda amevunja mfupa mdogo uitwao skafoidi, ambao siku ya kwanza hujificha hata kwenye picha nzuri. Ukituandikia "maumivu kwenye kijishimo, nashuku skafoidi", tunapiga picha za ziada kwa pembe maalumu. Zikitoka safi bado unaufunga mkono, kisha unarudia baada ya siku 10 hadi 14. Ukiandika "kiganja" tu, tunapiga picha mbili za kawaida, anaambiwa mzima, na mwaka ukipita anarudi na kifundo kisichokunjika.

Kiharusi pia. Siti skani huonyesha damu iliyovuja mara moja, lakini mshipa ulioziba unaweza usionekane saa za mwanzo. Andika saa dalili zilipoanza na upande uliolegea. Msomaji akijua ni mkono na mguu wa kulia, ataukodolea macho upande wa kushoto wa ubongo na atakiona kivuli ambacho pengine kingempita.

DALILI: PICHA NZURI, KIPIMO SICHO

Unapata ulichoagiza, lakini si ulichohitaji. Sababu: umeagiza kipimo kwa jina badala ya kueleza tatizo, na hukumpa radiografa nafasi ya kukushauri.

Tumbo lililokaza kama ubao ni la kwanza. Umeandika "eksirei ya tumbo", mgonjwa akapigwa amelala. Hewa iliyotoka kwenye utumbo uliotoboka haionekani vizuri hivyo. Andika "nashuku utumbo umetoboka" nasi tutampiga kifua akiwa amekaa wima, baada ya kumwacha akae dakika kadhaa ili hewa ipande chini ya kiwambo cha kifua. Asipoweza kukaa, tunamlaza kwa ubavu wa kushoto. Maneno matatu yanabadilisha picha nzima.

Vitu vilivyomezwa au kuchoma mwili vinahitaji jina lake. Mtoto kameza sarafu: tunapiga kuanzia shingoni mpaka tumboni, si kifua peke yake. Kameza betri bapa ya saa au ya rimoti: hiyo ni dharura, inaweza kuanza kuunguza koo ndani ya saa 2, na usiruhusu mtu aiite sarafu kwa sababu ni ya mviringo, kwenye picha betri huwa na duara mbili, ya nje na ya ndani. Mfupa wa samaki kooni, jambo la kila siku pwani hii: miiba ya samaki wengine haionekani kabisa kwenye eksirei, kwa hiyo picha safi haimaanishi koo safi. Kipande cha chupa mguuni huonekana karibu kila mara. Kijiti hakionekani, hicho ni cha ultrasaundi. Sasa fikiria fomu inayosema "kachomwa na kitu".

Aliyeanguka kwenye mnazi au mkorosho, andika urefu na jinsi alivyotua. Akitua kwa visigino, uzito hupanda: kisigino kinapasuka na pingili za kiuno zinaweza kusagika pia. Mgonjwa atalalamikia kisigino kwa sababu ndicho kinachouma zaidi. Fomu ikisema "kisigino" tu, uti wa mgongo hakuna atakayeutazama. Na mifupa mirefu ikivunjika, omba kiungo cha juu na cha chini yake viingie kwenye picha.

Kichwa: aliyegongwa leo anahitaji siti skani bila dawa ya mishipani (ile inayochomwa ili picha ing'ae), tunatafuta damu. Anayeshukiwa jipu au uvimbe wa ubongo anahitaji pamoja na dawa. Mawe ya figo, bila dawa. Ukiandika "siti skani ya kichwa, maumivu", unatuachia tubahatishe, na tukikosea, mgonjwa analala tena chini ya mashine na kula mionzi mara ya pili.

Kama mgonjwa hawezi kusimama, sema. Kifua kilichopigwa mtu amelala chali hukuza moyo kwenye picha, na nimeona watu wakianzishiwa matibabu ya moyo kwa sababu ya kitanda.

DALILI: MGONJWA KARUDISHWA "AJE KESHO"

Mtu katoka Liwale, masika, barabara unaijua. Kufika anaambiwa amekula, au kibofu kitupu, au hana kipimo cha figo. Tatizo hilo lilipaswa kuishia kwenye meza yako.

Ultrasaundi ya ini na nyongo: asile kwa muda wa saa 6 hadi 8 kabla, maji kidogo si neno. Ultrasaundi ya nyonga kwa juu ya tumbo: anywe maji, asikojoe. Ya ujauzito: andika tarehe ya hedhi ya mwisho na tarehe ya ultrasaundi ya kwanza kama ipo. Picha ya mapema, kabla ya wiki 14, hukosea umri wa mimba kwa siku 5 hadi 7. Ya miezi 3 ya mwisho inaweza kukosea hata wiki 3. Mama akija na wiki 36 za picha ya jana wakati picha yake ya kwanza inasema 39, tunaifuata ya kwanza. Bila tarehe hiyo kwenye fomu, mtu anaweza kumwambia mama kwamba mtoto hakui, kumbe hesabu ndiyo mbovu.

Siti skani yenye dawa ya mishipani inataka majibu ya kreatinini (kipimo cha figo), kama ana kisukari au pumu, dawa anazotumia, hasa metformini ya kisukari kwa mwenye figo dhaifu, na kama aliwahi kupata mzio wa dawa hiyohiyo ya mishipani. Hapa nipanyooshe. Wagonjwa wengi wa pwani hukataliwa dawa kwa sababu wamesema kamba au kaa wa baharini huwawasha, na mtu akasikia "ayodini", ambayo imo kwenye dawa hiyo. Mzio wa kamba hauhusiani na ayodini, ni protini ya mnyama. Uandike kama mzio wowote mwingine, lakini usimzuie mgonjwa kipimo kwa ajili hiyo.

Akipelekwa MRI (mashine ya picha inayotumia sumaku kali), swali ni chuma: betri ya moyo, klipu za upasuaji wa kichwa, vipande vya risasi. Na mchomeleaji yeyote, uliza kama cheche ya chuma iliwahi kumwingia jichoni.

DALILI: MAMA MJAMZITO, KILA MTU ANAOGOPA

Wengine hawaandiki ujauzito kwa kusahau, wengine hawaandiki kwa kuhofia tutamkataa. Yote mawili ni mabaya. Mwanamke yeyote wa umri wa kuzaa, picha ikiwa ya tumbo, kiuno au nyonga, andika hedhi ya mwisho. Ikiwa ni kifua, mkono au kichwa, mionzi inayomfikia mtoto ni kidogo mno. Ya kifua haifiki hata miligrei 0.01 (miligrei nayo ni kipimo cha mionzi), wakati hakuna ushahidi wa ulemavu chini ya 100. Mjamzito mwenye kikohozi cha wiki 3 na makohozi ya damu apigwe picha leo. TB ina hatari kwake na kwa mtoto kuliko eksirei. Andika "mjamzito wiki 20, faida imepimwa, amekubali", nasi hatutabishana.

DALILI: VIFUPISHO VIMELETA JIBU LA UGONJWA MWINGINE

Fupi hii. PID wodi ya wanawake ni uambukizi wa viungo vya uzazi. Wodi ya mifupa ni diski ya mgongo iliyochomoza. PE ni damu iliyoganda kwenye mapafu, au maji yaliyozunguka pafu, tegemea nani ameandika. Andika kwa kirefu.

DALILI: UMEANDIKA "HARAKA" NA BADO UMESUBIRI

Kwa sababu fomu 9 kati ya 10 zilizo mbele yako nazo zimeandikwa haraka. Neno hilo limechakaa. Andika kinachoifanya iwe dharura: kiwango cha fahamu kilichoshuka tangu asubuhi, presha 80 kwa 50, mboni moja kubwa kuliko nyingine. Halafu piga simu. Fomu haitembei mbio, na ndugu aliyeibeba anaweza kuwa dirishani anatafuta chenji.

IKIWA FOMU IMEKAMILIKA NA JIBU BADO HALIELEWEKI

Mtafute msomaji. Ripoti inaweza kuongezewa maelezo, na mabingwa wengi hufurahi kuulizwa kuliko unavyodhani. Wanachokichukia ni kulaumiwa nyuma ya mgongo. Mpe habari mpya tangu picha ipigwe: majibu ya maabara, homa imeshuka, uvimbe umehama. Mwombe aitazame upya sehemu moja mahususi.

Picha za zamani zitafute kabla ya kumtuma mgonjwa, si baada. Waambie wagonjwa wenu wasizitumie kufungia vitu wala kuziba madirisha. Filamu ya miaka 5 iliyopita ya hospitali ya Ndanda au Nyangao inaweza kufuta haja ya siti skani leo. Picha za kwenye simu ya ndugu, zilizopigwa mbele ya taa, ni afadhali kuliko hakuna, mradi tarehe na jina vionekane.

Na mgonjwa akipasuliwa, turudishieni kilichokutwa. Mmeandika "nashuku kidole tumbo", tukasema kimevimba, mkafungua mkakuta kitu kingine: karatasi moja kwenye chumba cha mionzi, au ujumbe kwenye kundi la simu la hospitali bila jina la mgonjwa. Fomu yako inayofuata itasomwa na mtu aliyejifunza kitu kutoka kwa iliyotangulia.